Mlango wa Madebe

Kiswahili hiki nilikiokota kwa wanajeshi,
pamoja na "simama" na "lala chini" na "kipande kiko wapi",
basi kikikukwaruza sikio, uniwie radhi.
Naitwa Okidi, fundi bati, Pabbo,
nyumba ya tatu kutoka bomba la maji la kambi.

Kwenye kibanda cha kuchaji simu wanabishana:
rais gani wa Marekani alitufaa,
nani alikuwa mwoga, nani alikuwa na mkono mrefu.
Mimi sibishani. Mimi nasoma mlango wangu.

Ni madebe ya mafuta ya msaada,
nimeyapasua, nimeyaponda, nimeyapigilia.
Kila debe lina bendera, na mikono miwili inayoshikana.
Mengine yamekaa kichwa chini. Si siasa;
bati lilikataa kunyooka upande ule.
Waswahili wanasema debe tupu haliachi kuvuma.
Haya yangu yalikaa kimya usiku kucha
tukiwa tumelala nyuma yake kama magunia.

Safu ya chini ina kutu.
Rais wa safu hii alikuwa ameungua Mogadishu,
moto wa Kigali akauota kwa mbali, mikono mfukoni.
Sisi tulikuwa cheche tu. Mwaka huo
walimchukua Labeja wangu, ana miaka kumi na mmoja,
na kamba ya mbuzi bado mkononi.

Wa safu ya pili alipenda orodha.
Minara ilipoanguka kwao, adui yetu naye
akapewa mstari wake kwenye karatasi,
nasi tukafurahi, eti tumetajwa!
Alipokaribia kuondoka akatoa ramani, akatoa mafuta ya ndege,
na ndege za kwetu zikapiga msitu wa Kongo.
Mabomu yalikuta majiko yanafuka, watu hakuna.
Waliokoswa walikwenda kulipiza Krismasi
kwa watu ambao hawakuwa kwenye ramani ya yeyote.

Safu ya tatu nilinunua sokoni, kambi ilikwisha vunjwa.
Huyu alileta askari mia, akawaita washauri.
Wana bunduki, akasema, lakini hawakuja kupigana.
Nimeshika nyundo miaka thelathini
na sijawahi kumwambia mteja sikuja kugonga.
Ila nitasema kweli: walileta vipaza sauti.
Mke wangu Layet alikaa mbele ya kinasa
akamwita mwanawe kwa jina la utotoni,
akamwambia mbuzi yule alizaa.

Labeja alirudi. Mtu mzima, sikio moja limekufa.
Nilimuuliza siku moja, tukila viazi:
ulipoisikia sauti ya mama yako ulijisikiaje?
Akasema, "Ilitoka tumboni mwa helikopta, baba.
Nikajua amekufa. Nikatembea kuja kumzika."
Layet alicheka mpaka akatoka nje,
na huko nje hakuwa anacheka.

Safu ya juu haina debe. Ni ubao.
Rais huyo alifunga hesabu, akawarudisha watu wake,
wakasema kazi imekwisha,
na waliyekuwa wakimsaka hajaonekana hadi leo.
Fundi wa namna hiyo namjua:
bawaba haijaingia, yeye anadai malipo.

Sasa Labeja ana pikipiki, ana akiba,
anataka kuniwekea mlango wa chuma kutoka Gulu.
Nimemwambia angoja kidogo.
Upepo ukiugonga usiku huu wa madebe, yeye huamka,
husimama katikati ya chumba, viatu mkononi,
mpaka Layet amguse bega.
Labda ana haki. Labda ninaupenda mlango kuliko usingizi wake.

Kuna tundu moja, safu ya pili, la risasi.
Ya waasi au ya jeshi, sikujua wakati ule,
na waliokuja na daftari baadaye hawakujua pia.
Limepita katikati ya ile mikono miwili.
Nimeliziba kwa sabuni ya mche.
Mvua ikinyesha, linatoa povu.